Droni kubwa, begi gani? Somo dogo kabla ya fildi

Msimu wa fildi unakaribia, na kwenye makundi yetu ya WhatsApp swali limeanza kuzunguka tena: "Wadau, begi zuri la droni ni lipi?" Majibu yanamiminika, kila mtu na picha aliyoiona dukani Kariakoo au mtandaoni. Cha ajabu, hakuna anayeuliza droni yenyewe ni ipi, inakwenda wapi na inapanda nini. Mimi nasoma upimaji ardhi, mwaka wa nne, na kwa misimu miwili nimekuwa mmoja wa wanaobeba droni ya kundi. Ninachotaka kusema ni kimoja, ila nitakisema kwa kirefu kidogo: kwa droni kubwa, usianze na begi wala usianze na droni. Anza na betri, kisha uje kwenye kipande kibaya kuliko vyote cha safari yako. Hivyo viwili vikishajulikana, begi linajichagua karibu lenyewe.

Kwanza tuelewane ninaposema droni kubwa. Zile ndogo za kukunja siziongelei, hizo zinaingia hata kwenye mkoba wa laptop na mambo yanakwisha. Naongelea ukubwa wa DJI Inspire 2, ambayo kutoka mota hadi mota kwa mshazari ni milimita 605 na ina kilo 3.44 pamoja na betri zake mbili kabla hujafunga kamera. Au Matrice 300, ambayo na betri zake mbili inafika kilo 6.3, na hata ukiikunja bado ni kitu cha sentimita 43 kwa 42 kwa 43. Yaani ni ndoo kubwa ya lita ishirini, tena iliyonenepa.

Kwenye idara nyingi droni ya namna hii ni moja tu, na darasa zima linaisubiri. Gimbali ikipinda njiani, kundi lako halijakosa picha peke yake. Watu ishirini wana tasnifu zinazosubiri ramani kutoka kwenye kamera hiyohiyo. Ndiyo maana nakereka mtu akiniambia begi ni mapambo.

Sasa betri. Chukua betri yoyote, soma mAh na volti zilizoandikwa ubavuni. Gawa mAh kwa 1,000, zidisha kwa volti, unapata wati-saa, ile alama ya Wh. Betri ya TB50 ya Inspire 2 ni mAh 4,280 na volti 22.8, kwa hiyo ni Wh 97.58. TB55 ni mAh 7,660 kwa volti hizohizo, inakuja Wh 174.6. TB60 ya Matrice 300 ni Wh 274. Namba hizi zinaonekana za mtihani, lakini ndizo zinazoamua kama utapanda ndege au utapanda basi. Kanuni za usafiri wa anga za kimataifa zinasema hivi: betri ya lithiamu isiyozidi Wh 100 unaweza kuingia nayo ndani ya ndege, kwenye begi la mkononi. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Zaidi ya 160, abiria haruhusiwi kuibeba, si mkononi wala kwenye mizigo. Na betri ya akiba, hata iwe ndogo kiasi gani, haikabidhiwi pamoja na mizigo inayoingia tumboni mwa ndege, kwa sababu ikiwaka kule hakuna wa kuiona mapema.

Hapo kuna kitu kinachowapita wengi. Matrice 210 ya awali inakubali TB50 na TB55 pia. Droni ni ileile, kasha lilelile, ila ukiwa na TB50 unaruka nazo Mwanza, na ukiwa na TB55 zinabaki Dar. Kundi linalokwenda na Matrice 300 lisijisumbue kabisa kutafuta kasha "la ndege". Betri zake zitasafiri kwa barabara, au zitakabidhiwa kwa wakala wa mizigo ya hatari kwa utaratibu wake, ambapo betri zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa na chaji zaidi ya asilimia 30. Kwa hiyo kama ni Matrice 300, fikiria kasha la gari.

Kwa wa Inspire, jambo hili linakupa agizo moja la kununua: betri ziwe na begi lake dogo, tofauti na la droni. Mashirika mengi huku kwetu yanakuruhusu kilo 7 mkononi. Betri sita za TB50 ni kilo tatu na kidogo, unaongeza kamera na lenzi, bado umo ndani ya uzito. Mwili wa droni, chaja na stendi vinashuka chini na kasha gumu. Kila betri iwe na nafasi yake, sehemu za shaba zisigusane na funguo wala sarafu. Selotepu juu yake inatosha. Na usisafiri na betri zilizojaa chaji kama hurushi siku hiyo hiyo. Betri nyingi za DJI zikikaa siku kadhaa hujipunguza chaji zenyewe, na wakati huo zinapata joto kidogo. Ni kawaida yake, lakini hutaki lile joto lifungiwe kwenye sponji ndani ya buti ya basi saa nane mchana pale Morogoro.

Twende kwenye safari yenyewe. Ukiuliza mtu anakwenda fildi wapi atakwambia "Iringa", kana kwamba Iringa ni usafiri. Hebu ivunje vipandevipande. Hosteli hadi stendi ya Magufuli kwa daladala au bajaji. Stendi hadi Iringa ndani ya buti, ambako juu ya kasha lako atawekewa mtu magunia yake mawili. Iringa mjini hadi kijijini kwa bodaboda. Kutoka kwa mwenyekiti wa kijiji hadi mahali pa kurushia, miguu, labda dakika arobaini kwenye mlima. Kila kipande kina adui wake: buti inakandamiza, bodaboda inatikisa, miguu inachosha. Boti ya kwenda Unguja ina adui wa nne, maji ya chumvi.

Kwenye buti mimi sina mjadala, ni kasha gumu. Begi la mgongoni, hata lile lenye ganda la nusu-gumu, halikutengenezwa libebe magunia. Ukipata la aina ya Pelican au Nanuk, ni sawa kabisa, lakini bei yake inameza bumu na mwanafunzi halinunui peke yake. Hilo ni la idara au la kundi. La mtumba lililobebea kamera au vifaa vya hospitali linafaa pia kama bawaba na mpira wa ukingoni ni mzima. Hata fundi seremala anaweza kukutengenezea la plaiwudi lenye kona za chuma. Litakuwa zito, ila mimi nitalichukua hilo kabla ya yale makasha ya alumini membamba yanayong'aa. Yale ribiti zake hufumuka konani, na ukilibeba stendi kila mtu anakisia ndani kuna nini.

Ukiona kasha limeandikwa IP67, maana yake ni kwamba vumbi haliingii kabisa, na linastahimili kuzama kwenye maji ya mita moja kwa dakika thelathini. Kwa boti na kwa vumbi la Dodoma, ni alama ya maana. Ila kasha lisilopitisha hewa linataka valvu ya kusawazisha mgandamizo, kile kitufe kidogo cha duara karibu na mpini. Watu wanadhani ni pambo. Tufanye hesabu. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kule ina mgandamizo wa kama kilopaskali 84 au 85. Dar ni 101. Funga kasha kule, teremka nalo Dar: tofauti ni kilopaskali 16 hivi. Kifuniko cha sentimita 60 kwa 40 kina eneo la mita za mraba 0.24. Zidisha, unapata niutoni zaidi ya 3,800, kama vile kuna mzigo wa karibu kilo 390 umekalia kifuniko. Halifunguki, na ukitumia bisibisi unaharibu mpira. Valvu inamaliza habari hiyo. Kama ni ya kufungua kwa mkono, ifungue kabla hujagusa vibano.

Sponji ndiyo sehemu ninayoipenda, maana ndiyo inayofanya kazi halisi. Kasha gumu lenyewe haliilindi droni isipate mshtuko. Linazuia kubonyea na kutobolewa tu. Mshtuko unapokewa na sponji. Chukulia kasha limeanguka kutoka sentimita 75, urefu wa meza. Kama sponji ya chini ina unene wa sentimita 5 na inabonyea hadi nusu, droni inasimamishwa ndani ya sentimita 2.5. Gawa 75 kwa 2.5: wastani wa nguvu inayoipata ni karibu mara 30 ya uzito wake. Sponji ikiwa ya sentimita moja na ikabonyea nusu, ni mara 150. Gimbali, ambayo ni vimota vidogo vimeshikilia kamera, haiwezi kuvumilia mambo hayo. Basi sentimita tano chini na juu, na pembeni usishuke chini ya tatu.

Lakini isiwe sponji ya godoro laini. Ile ukiibonyeza kwa ngumi inafika chini moja kwa moja, na ikishafika chini ni kama haipo. Waambie wauza magodoro unataka kipande cha sponji nzito, ngumu. Ibonyeze kwa kiganja, inapaswa kukukatalia. Ikipatikana ile yenye vitundu vilivyozibika, isiyonyonya maji, ni bora zaidi kwa pwani, kwa sababu sponji ya kawaida ikishalowa hukaa siku nzima na unyevu wake, na ukiifungia humo na kamera unapika ukungu kwenye lenzi. Droni iliyonyeshewa isifungiwe kamwe kwenye kasha lisilopitisha hewa kabla haijakauka.

Namna ya kukata nayo ina akili yake. Droni ilale kwa tumbo, kwenye mwili wenyewe. Mikono, miguu na kamera visibebe uzito wowote. Inspire 2 ina mkao wa safari, miguu inajilaza sawasawa. Iweke hivyo kabla ya kuipima. Kamera inatoka, itoe. Propela zitoe zote. Kata shimo dogo kuliko umbo kwa milimita chache ili sponji ishike. Na kisu kiwe kikali, vinginevyo unatafuna sponji badala ya kuikata.

Begi la mgongoni lina mahali pake, na ni ile dakika arobaini ya mwisho. Hapo nakushauri ufanye hesabu ya mgongo. Wapanda milima hukadiria mzigo wa kubeba kwa muda mrefu usizidi takriban moja ya tano ya uzito wa mbebaji. Mwanafunzi wa kilo 60 ana kilo 12. Inspire 2 na betri zake, kilo 3.44, kamera, karibu nusu kilo, betri nne za akiba, kilo mbili, rimoti na tableti, weka moja na nusu. Tayari ni saba na nusu hivi, bado maji ya kunywa, na begi lenyewe tupu. La maabara yetu nimelipima, kilo 4.2. Umeshafika. Kwa hiyo begi lazima liwe na mkanda mpana wa kiunoni unaokaa kwenye nyonga, maana bila huo uzito wote unaning'inia mabegani. Litazame pia kwa upana: likizidi mabega yako litanasa kwenye matawi na kwenye mlango wa daladala. Lifunguke upande wa mgongoni, ili mtu aliye nyuma yako kwenye foleni asiweze kuchokonoa zipu. Kifuniko cha mvua kiwemo, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na huwezi tena kujiokoa na rambo.

Matrice 300 mgongoni mimi sikubali, hata kama mabegi yanauzwa. Hiyo ni watu wawili, kasha katikati, au punda kama kijiji kina ukarimu. Na kwa droni yoyote, betri zibebwe na mtu mwingine. Akianguka mmoja mtoni, au begi moja likiibwa, kundi halijapoteza kila kitu.

Nafasi ndogo kwenye kifuniko iachiwe karatasi: nakala ya kibali cha TCAA, barua ya chuo, barua ya mkoa au wilaya. Askari wa kizuizini akisimamisha basi na kuona kasha jeusi lenye vibano, atataka vitu hivyo kwanza, na hutaki kuvitafuta chini ya propela.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji dakika kumi. Beba chupa za maji zinazofikia uzito wa droni yako, zipakie, panda ngazi ghorofa tatu na ushuke. Kisha, mkishakata sponji, pakieni droni yenyewe, fungeni, ligeuzeni kasha kichwa chini na mlitikise taratibu huku mmoja ameweka sikio. Ukisikia kitu kinagonga, fungua, ongeza kipande cha sponji hapo, rudia.