Ukuta wa Kupandia Shuleni: Kabla ya Kulipa, Tazama Chini

Lengo la somo: baada ya kulisoma, mwanakamati wa shule, mzazi au mwalimu aweze kupima bei anayopewa, kutambua kilichoachwa nje ya bei hiyo, na kuidai haki yake kwa maandishi.

Mchezo wa kupanda kuta uliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, mwaka 2021, na tangu hapo umezidi kujulikana. Shule nyingi duniani zina ukuta wa aina hiyo uwanjani. Mtoto anayepanda hujenga mikono, mizani ya mwili na uthubutu. Hata hivyo, ukuta huu ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na kamati inayoununua ni mlaji. Tofauti ni kwamba kasoro ya bidhaa hii hailipwi kwa fedha peke yake. Hulipwa kwa mkono au shingo ya mtoto.

Aina mbili za ukuta

Aina ya kwanza ni ukuta mrefu, ambao mpandaji hufungwa mkanda na kamba. Huhitaji msimamizi aliyefunzwa, pamoja na kamba na mikanda iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kamba ya nailoni hudhoofika kwa jua na msuguano hata kama kwa macho inaonekana nzima. Kwa hiyo kamba ya mtumba isiyojulikana historia yake haifai kamwe.

Aina ya pili ni ukuta mfupi wa kupanda kwa kwenda upande. Mtoto haendi juu. Huanza mwisho mmoja na kusogea hadi mwisho wa pili, akishika na kukanyaga vishikio. Kimo cha mita 2.4 kinatosha, na mstari mwekundu huchorwa kwenye sentimita 90 kutoka chini: miguu isipite mstari huo. Hauhitaji kamba. Kwa shule za msingi tunashauri aina hii.

Bei iliyofichwa ardhini

Tuseme kamati ya shule ya msingi huko Munanila, wilayani Buhigwe, imeletewa bei ya ukuta wenye urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2.4. Bei inataja mbao, nguzo, vishikio na ufundi. Haisemi lolote juu ya mahali mtoto atakapoangukia. Hapo ndipo walaji wengi hujikwaa.

Kiwango cha Ulaya cha vifaa vya michezo ya watoto, EN 1176, kinataka mchanga wenye kina cha sentimita 30 kwa anguko la hadi mita 3, na sentimita 10 za ziada kwa sababu mchanga husukumwa na miguu. Jumla ni sentimita 40. Kwa anguko la mita 3, eneo la mchanga lienee mita 2.5 kutoka kwenye kifaa. Ukuta wetu ni mfupi kuliko hapo, lakini tunashauri kipimo hichohicho ili usalama uzidi.

Hesabu yake ni hii. Urefu wa eneo ni mita 6 za ukuta, ukiongeza mita 2.5 kila upande: mita 11. Upana ni mita 2.5. Eneo ni mita za mraba 27.5. Ukizidisha kwa kina cha mita 0.4, unapata mita za ujazo 11. Mita moja ya ujazo ya mchanga huwa na uzito wa takriban tani moja na nusu; kwa hiyo kamati inahitaji tani 16 hivi za mchanga safi, pamoja na gharama ya kuusafirisha kupanda milima ya Buhigwe. Muuzaji asiyeutaja mchanga hakuuza kwa bei nafuu. Amekuachia nusu ya kazi.

Si kila mchanga unafaa. Mchanga wenye udongo wa mfinyanzi hushikamana na kuwa mgumu kama sakafu baada ya mvua. Katika nyanda za juu za Kigoma, ambako mvua hunyesha kwa miezi mingi kuanzia Oktoba au Novemba, shimo la mchanga lizungushiwe mbao au mawe yaliyofukiwa, na lichimbiwe mfereji wa kutoa maji. Mchanga utifuliwe kwa reki kila wiki, na mawe, miiba na vipande vya chupa viondolewe kabla ya kipindi cha michezo.

Ukuta wenyewe

Mafundi wengine hupendekeza vishikio vifungwe moja kwa moja kwenye ukuta wa darasa. Tunatahadharisha. Tofali la kuchoma lililo laini huachia bolti inapovutwa mara nyingi, na ukuta wa darasa haukujengwa kwa mivuto hiyo. Ni salama zaidi kusimamisha fremu yake yenyewe kwa nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, na mhandisi wa halmashauri aidhinishe mchoro kabla ya ujenzi.

Vishikio vinaweza kuchongwa na seremala wa karibu kwa mbao ngumu kama mninga, vikapigwa msasa hadi visiwe na vibanzi. Kila kishikio kifungwe kwa bolti na nati, si kwa misumari. Pasiwepo nafasi yenye upana wa kati ya sentimita 9 na 23, kwa kuwa hapo mwili wa mtoto hupita na kichwa hunasa.

Mkataba na malipo

Usione vyaelea, vimeundwa. Kabla ya kutoa fedha, andikeni haya:

1. Vipimo vya ukuta, aina ya mbao, unene wa bolti, na kina cha mchanga.
2. Nani analeta mchanga na nani anachimba mfereji.
3. Malipo kwa awamu, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwa shule hadi ukuta umalize msimu mmoja wa mvua.
4. Muda ambao fundi atarekebisha kasoro bila malipo.
5. Risiti ya EFD kwa kila malipo.

Kwa shule ya umma, mpango upelekwe kwanza halmashauri, kwa kuwa ununuzi wake unaongozwa na sheria ya ununuzi wa umma. Mchango wa wazazi uwe wa hiari, na mtoto asizuiwe kupanda kwa sababu mzazi wake hakuchanga.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha katika biashara. Muuzaji akidai kuwa vifaa vyake vimepimwa, omba cheti, kisha ulizeni Shirika la Viwango Tanzania. Mkidanganywa, tunzeni mkataba, risiti na picha, mkapeleke malalamiko Tume ya Ushindani.

Matumizi ya kila siku

Mwalimu awepo wakati wote wa kupanda. Shanga, pete na mitandio mirefu ivuliwe. Kofia ngumu ya baiskeli isivaliwe, maana hunasa na kumning'iniza mtoto. Kila mwezi mtu mzima ajaribu kila kishikio kwa mkono. Kinachozunguka kikazwe au kitolewe. Kwa kuwa viwanja vingi vya shule havina uzio na watoto huja kucheza Jumapili, wekeni ubao wa kufunika vishikio vya chini, wenye kufuli.

Maswali ya kujadili katika kikao cha kamati

1. Bei tuliyoletewa inataja mchanga? Wa kiasi gani, na kutoka wapi?
2. Nani atatifua mchanga wakati wa likizo?
3. Fedha zikitosha ukuta tu bila mchanga, tufanye nini?

Kwa swali la tatu tunatoa jibu mapema: subirini. Anzeni kwa shimo la mchanga, ambalo watoto watalitumia kwa kuruka chini hata kabla ukuta haujasimama. Ukuta utakapofika, utakuta mahali salama pa kuangukia.