Simu na Nyoyo za Vijana Wetu

Ndugu zetu, twawaona vijana wetu wakikesha na simu. Mmoja hutia picha yake mtandaoni, kisha kila dakika huitazama: wangapi wameipenda? Wakiwa wachache, moyo wake hunyong'onyea. Mwengine hutazama harusi na safari za wenziwe, akajiona yeye peke yake ndiye aliyekosa. Wala hakumbuki kwamba mtu huonyesha siku yake ya Idi, haonyeshi siku yake ya njaa.

Je, hizi ni dhana zetu wazee tu? La. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitangaza jaribio walilowafanyia wanafunzi 143. Baadhi yao waliachwa na ada yao. Wengine waliwekewa mpaka wa dakika 10 kwa siku kwa Facebook, 10 kwa Instagram na 10 kwa Snapchat. Baada ya wiki tatu, hawa waliowekewa mpaka walipungukiwa na upweke na huzuni kuliko wenzao.

Zingatieni: hawakuambiwa waitupe simu, bali waipimie. Hata dawa hupimwa.

Wala hatusemi kila huzuni yatokana na simu. Kijana aliyezidiwa na apelekwe kwa tabibu, asikemewe. Lakini yatupasa tuanze na nafsi zetu: usiku simu zilale nje ya vyumba, na barazani tuzungumze. Vipi mtoto atainua kichwa, na babake ameinamia yake?