SOMO LA AFYA: HOMA NDOGO KWA MTOTO MWENYE PUMU



Miezi ya Juni na Julai baridi ya vilima vya Ngong hutufikia hapa Embulbul. Madirisha yanafungwa, jiko la makaa linaingizwa ndani, na watoto wanaanza kupiga chafya. Kwa wengi homa hiyo huisha yenyewe baada ya wiki moja hivi. Kwa mtoto mwenye pumu inaweza kumfikisha hospitali usiku. Kwa nini?

1. Kinachotokea mwilini

Homa ya kawaida huletwa na virusi, hasa rinovirusi. Vikiingia, chembe za njia za hewa hutoa interferoni, ishara ya kuonya chembe jirani zijikinge. Mwaka 2005 watafiti wa Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba chembe za watu wazima wenye pumu hutoa ishara hiyo kidogo. Hapo virusi hupata nafasi ya kuzaana. Wakati huohuo, ile kinga inayopigana na vumbi huamka kupita kiasi. Njia za hewa zinavimba, zinajaa kamasi na kubana.

2. Tunayosikia mtaani

"Pampu humfanya mtoto azoee." Si kweli. Pampu ya kuzuia hutuliza uvimbe. Ukiiacha kwa sababu mtoto amepata nafuu, homa inayofuata itamkuta hana ngao.

"Antibayotiki zitamaliza homa." Haziui virusi.

3. Tufanye nini?

- Mpe pampu ya kuzuia kama daktari alivyoagiza, hata akiwa mzima.
- Chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako iishike pampu vizuri, husaidia dawa kufika mapafuni. Jambo hili lilithibitishwa Afrika Kusini mwaka 1999. Muombe muuguzi akuonyeshe.
- Jiko la makaa libaki nje. Moshi huchokoza mapafu, na hewa yake ya sumu huua waliolala.
- Mbavu zikiingia ndani, midomo ikigeuka samawati, mtoto akishindwa kuongea, au pampu ya kufungua isiposaidia, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali, na njiani endelea kumpa hiyo ya kufungua.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nani kwetu ameacha pampu, na kwa nini?
2. Usiku mtoto akizidiwa, ni jirani gani mwenye gari tutamwamsha? Tukubaliane naye mapema.