Mfarishi wa Viraka na Karatasi Zake

Katika Uingereza uko ufundi wa kuunga viraka vya nguo juu ya karatasi, ili kufanya mfarishi wa kitandani. Ufundi huu ni wa zamani: upo mfarishi wa hariri uliotiwa tarehe ya mwaka 1718, wenye maumbo ya wanyama, ndege na maua, nao ulishonwa kwa njia hiyo. Asiyeuzoea hustaajabu ausikiapo, maana karatasi na sindano havipatani.

Mara nyingi kiraka huwa na pande sita zilizo sawa. Umbo hili si la pambo tu. Kila pembe yake ni digrii 120, basi pembe tatu zikutanapo hutimiza 360, wala hapabaki nafasi baina yao. Nyuki nao hujenga masega hivyo.

Kwanza hukatwa karatasi nyingi kwa kigezo kimoja. Hapa ndipo penye kazi yote. Kwa kuwa karatasi zikipitana kwa unene wa uzi tu, kosa halionekani katika kiraka cha kwanza, lakini katika cha ishirini pembe hazikutani tena. Kisha nguo hukatwa kubwa kuliko karatasi kwa robo inchi kila upande, ikakunjwa juu ya ukingo wake na kupigwa bandi. Viraka viwili hulazwa uso kwa uso, vikashonwa ukingoni kwa mishono midogo sana. Sindano ishike nyuzi mbili tatu za nguo, isitoboe karatasi. Mshonaji mgeni huichoma, kwa kuwa mkono wake umezoea kuzamisha sindano. Na karatasi ikiisha kushonwa, haitoki ila kwa kuchanika. Tena huvuta uzi kwa nguvu, akidhani ndio uimara, na mshono ukafanya mikunjo.

Kiraka kimoja huzungukwa na sita, likawa ua la viraka 7. Safu ya pili hutaka 12. Karatasi ya katikati haitolewi mpaka pande zote sita zimekwisha kuungwa. Hapo bandi hufumuliwa, karatasi ikatoka nzima, ikatumika tena.

Zamani wanawake walikata barua, magazeti na madaftari ya watoto. Mifarishi mingine haikumalizwa, na karatasi zimo hata leo. Watunzaji wa vitu vya kale huzisoma upande wa nyuma: hapa nusu ya jina, pale hesabu ya duka. Tarehe ikionekana, hujua ya kuwa kiraka kile hakikushonwa kabla ya siku hiyo. Ila huenda kilishonwa miaka mingi baadaye, maana barua hukaa sandukuni. Wako watamanio kuzitoa wazisome nzima. Wenye ujuzi hukataa, kwa kuwa bandi ikifumuliwa kiraka hupoteza umbo lake, na hariri ya kale hupasuka penye mkunjo.