Mandara hadi Horombo: Mpango Kwanza, Miguu Baadaye

Tuseme klabu yenu ya mazingira imepata mfadhili. Mtapanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Hamwendi kileleni, mnaishia kituo cha Horombo, halafu mnarudi. Usiku wa kwanza mtalala Mandara. Shughuli yenyewe ni siku ya pili, kutoka Mandara kwenda Horombo.

Bwenini kila mtu anaongelea viatu na picha atakazopiga. Safi. Lakini je, mmeshakubaliana mtageuka saa ngapi mambo yakiwa magumu?

Pigeni hesabu

Mandara ipo kama mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Horombo ipo kama mita 3,720. Njia ni karibu kilomita 12. Mwaka 1892 Mskochi William Naismith alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda.

12 ÷ 5 = saa 2 na dakika 24
1,000 ÷ 600 = saa 1 na dakika 40
Jumla = saa 4 na dakika 4

Huo ni mwendo wa mtu mwenye nguvu asiyepumzika. Nyinyi mna mabegi, na huko juu hewa ni nyepesi. Wekeni muda wa saa 6. Mkiondoka saa 2 asubuhi, mtafika saa 8 mchana.

Sasa amueni mkiwa bado shuleni: ikifika saa 7 mchana na hamjavuka nusu ya njia, mnarudi Mandara kabla ya giza. Ukisubiri kuamua ukiwa umechoka, utajidanganya kwamba "bado kidogo tu".

Anayetembea polepole kuliko wote akae mbele, nyuma tu ya mwongozaji. Hakuna kuachana. Na bila mwongozaji, hifadhi haikuruhusu kupanda.

Usijikaze kisabuni

Kuanzia mita 2,500 hivi, mtu anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko, kwa sababu mwili haujazoea hewa yenye oksijeni kidogo. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na kukosa hamu ya kula. Hauchagui mtu. Hata nyota wa timu ya shule anaweza kuupata.

Wengi huficha wakiogopa kuchekwa. Hapo ndipo hatari ilipo. Ukiona dalili hizo, mwambie mwongozaji na usipande zaidi. Pumzika. Zisipopungua, shuka.

Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, akachanganyikiwa, au akahema sana huku amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku. Asishuke peke yake. Ugonjwa huu unaweza kuua.

Kama una pumu, sikoseli au tatizo la moyo, muone daktari kabla ya safari na umweleze ukweli. Akikukataza, si aibu. Klabu ina kazi nyingi hata huku chini.

Ndani ya begi

Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini ikiwa nyuzi 30, Horombo inaweza kuwa 12, na usiku ikakaribia sifuri. Kwa hiyo beba:

- Sweta nzito, koti la mvua, kofia na soksi kavu.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Vipya vitakutoa malengelenge.
- Lita 3 za maji kwenye chupa ngumu. Maji ya mtoni yachemke kwa dakika 3 ndipo unywe.
- Tochi, karanga na biskuti.
- Wasichana, bebeni pedi hata kama siku zenu bado. Tarehe huweza kubadilika.

Jadilini darasani

1. Ni saa 7 mchana, hamjafika nusu, na wengi wanataka kuendelea. Nani awe na neno la mwisho?
2. Rafiki yako amekunong'oneza kwamba kichwa kinamuuma, akakuomba usimwambie mtu. Utafanya nini?
3. Tumieni kanuni ya Naismith kwa kilima kilicho karibu na shule yenu. Kisha mkipande, mlinganishe majibu.