SOMO: KWA NINI ANGA NI LA BULUU, NA JIONI HUWA JEKUNDU?

Masomo: Mwanzo 1:14-18, Matayo 16:1-4, 1 Watesalonika 5:19-21



Jua likizama nyuma ya milima, anga la Katogota huwa jekundu, na wengine husema: «Damu itamwagika.» Kijiji kilichozika watu wake baada ya mauaji ya tarehe 14 Mei 2000 hakiwezi kusikia neno hilo bila kutetemeka. Basi tujifunze.

1. Mchana. Mwangaza wa jua una rangi nyingi. Upinde wa mvua hutuonyesha. Rangi hizo husafiri kama mawimbi: ya buluu ni mafupi, ya nyekundu ni marefu. Chembe za hewa, ndogo mno zisizoonekana, hutawanya buluu kuliko nyekundu, karibu mara 6. Kwa hiyo buluu hutufikia kutoka pande zote za anga. Mwingereza Rayleigh alilieleza jambo hilo mwaka 1871. Rangi haitoki Ziwa Tanganyika: hata mahali pasipo ziwa, anga ni la buluu.

2. Jioni. Jua likiwa chini, mwangaza wake hupita katika hewa nyingi zaidi. Buluu hutawanyika njiani, nyekundu ndiyo inayotufikia. Wakati wa kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba hulifanya jua lionekane jekundu zaidi.

Jaribuni gizani: tieni matone machache ya maziwa katika glasi ya maji, mmulike tochi. Kwa ubavu maji huelekea buluu. Ukitazama tochi kupitia maji, mwangaza huwa wa manjano au mwekundu.

3. Fundisho. Bwana aliwaambia Mafarisayo na Masadukayo kwamba wekundu wa anga wanausoma kwa habari ya mvua na jua, lakini ishara za nyakati hawazitambui. Alitenga mambo hayo mawili. Ndugu zetu waliuawa na watu wenye bunduki, si na rangi ya mawingu.

Sisi tunaamini unabii. Kwa hiyo tuupime. Neno moja la hofu laweza kuifanya familia ikimbie usiku na watoto, ikiacha mpunga na mihogo shambani. Mwenye kuona maono awapelekee wazee kwanza, wayapime kwa Maandiko na maombi.

Maswali:
a) Kwa nini nyekundu hubaki jioni?
b) Utamjibu nini jirani anayeogopa anga jekundu?

Mungu aliyeumba mwangaza awalinde. Amina.