SOMO LA MWEZI HUU: Habari za kweli kwa watoto wanaoanza kukua



Somo hili linahusu watoto wa miaka 9 mpaka 13. Katika kazi yetu ya kutembelea jamaa hapa komini ya Kikula, tumeona kwamba hao ndio watoto tunaowasahau upesi. Wadogo wanapimwa uzito na kupewa uji. Vijana wakubwa wanaitwa kwenye mikutano ya amani, sababu watu wanaogopa kwamba watashika silaha au wataelekea machimboni. Lakini mtoto wa miaka 11 hana mkutano wake. Anachota maji, anabeba mdogo wake mgongoni, anauza makala kando ya barabara, na mwili wake unaanza kubadilika bila mtu wa kumwambia neno.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Msichana alikuwa na shangazi na bibi, mvulana alikuwa na mjomba na babu. Mama hakusema na binti yake mambo ya hedhi, ilikuwa haya, na hakuna aliyeona kasoro maana shangazi alikaa nyumba ya tatu. Watu walipoacha Mitwaba na Manono kwa sababu ya vita, na wengine walipotoka Kasai baada ya fujo ya 2016, shangazi alibaki nyuma, ama alikimbilia mji mwingine, ama alikufa njiani. Mama amebaki peke yake na maneno ambayo hakuzoea kuyasema.

Hatuna dawa ya kumrudisha shangazi. Tuna njia moja inayosaidia, na haihitaji pesa: kuwasimulia watoto habari za kweli za watu waliopita katika shida kama yao walipokuwa na umri kama wao.

Kwa nini habari ya kweli?

Mtoto wa miaka 6 anafurahia sungura na fisi. Wa miaka 11 amekwisha kuona mambo ambayo hata wakubwa hawapendi kuyakumbuka, na swali lake la kwanza ni "Hii ni kweli?" Ukimjibu kwa jina la mtu, mji na mwaka, anakaa kusikiliza. Ukimhubiri, anainamisha kichwa mpaka umalize, halafu anakwenda zake. Tena, habari ya mtu mwingine inamfunika. Kuuliza "Yule mtoto alifanya nini?" ni rahisi kuliko kuuliza "Mimi nifanye nini?" Mara nyingi maswali hayo mawili ni swali moja.

Hapa tunaleta habari nne. Zisomeni kwanza ninyi wakubwa.

Mzee aliyekaa darasa la kwanza

Tunaanza na mzee, na si makosa. Haya kubwa ya watoto wengi waliohama ni umri. Mvulana wa miaka 13 aliyekosa shule miaka mitatu anaambiwa arudi mwaka wa tatu wa primeri, akae benchi moja na watoto wa miaka 8. Wanamcheka. Baada ya wiki mbili anasema tumbo linamuuma, na baada ya mwezi mnasikia yuko anaosha mawe ya madini.

Kimani Maruge alikuwa mkulima wa Kenya. Serikali ya nchi yake ilipoondoa malipo ya shule ya msingi mwaka 2003, alisikia kama wengine. Januari 2004 akajiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret. Alikuwa na miaka 84. Alivaa yunifomu, kaptula na soksi ndefu, kama watoto wengine, na wajukuu wake wawili walikuwa wanafunzi wa shule hiyo hiyo. Alisema anataka kusoma Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake. Mwaka 2005 alipelekwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akasema juu ya masomo ya bure.

Watu wengi wanasimulia mpaka hapo na kucheka. Sisi tunapenda sehemu inayofuata. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fujo ilitokea Kenya, na Eldoret iliumia sana. Mali ya mzee Maruge iliibiwa, akakaa kambini kati ya wakimbizi wa ndani. Kutoka kambini mpaka shule ilikuwa karibu kilometa 4. Alifikiri kuacha. Halafu akaendelea kwenda. Alifariki Agosti 2009 akiwa bado mwanafunzi moyoni.

Mkisimulia habari hii, msikimbilie kumwambia mtoto "Unaona? Hata mzee aliweza!" Neno hilo linamwongezea haya. Mwulizeni tu: Mzee huyu siku ya kwanza alipoingia darasani, unafikiri watoto walifanya nini? Mwacheni ajibu, atasema yaliyompata yeye. Na mzazi akumbuke pia kwamba primeri ya serikali kwetu Kongo ni ya bure tangu mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019, na kwamba kuna vituo vya ratrapaji ambako miaka sita ya primeri inafupishwa kuwa mitatu, kwa ajili ya watoto waliochelewa. Ulizeni biro ya shule au ya mambo ya jamii kabla ya kumweka kijana mrefu kati ya watoto wadogo.

Wawili wa Bukavu

Habari ya pili ni ya watoto wawili wa nchi yetu, Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wazaliwa wa Bukavu. Vita vilimtenganisha Popole na jamaa yake alipokuwa na miaka 9. Alikaa msituni siku nane kabla ya watu kumwokota. Yolande alipoteza wazazi wake njiani alipokuwa na miaka 10. Kila mmoja kwa njia yake alifika Kinshasa, na huko katika makao ya watoto wakafundishwa judo.

Angalieni umri huo: 9 na 10. Ndio umri wa watoto tunaowasemea.

Judo iliwapa mahali pa kusimama, lakini haikufuta mambo yote. Wameeleza wenyewe kwamba walipopoteza mchezo waliadhibiwa vibaya sana, hata kufungiwa na kunyimwa chakula. Mwaka 2013 walipelekwa Brazili kwa mashindano ya dunia, wakatoka hotelini bila karatasi, wakabaki Rio de Janeiro wakiishi kwa vibarua katika mitaa ya maskini. Mwaka 2014 walikubaliwa kuwa wakimbizi. Mwalimu wa judo wa Brazili, Geraldo Bernardes, akawapokea, na mwaka 2016 walikuwa kati ya wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Yolande alishindwa mchezo wa kwanza. Popole alimshinda Mhindi mmoja, halafu akaondolewa na Mkorea. Hakuna aliyerudi na medali.

Tunapendelea habari hii sababu haina medali. Mtoto aliyepoteza mama yake hajibiwi kwa medali. Na watoto wa Kikula, wasichana hasa, wanauliza juu ya Yolande: Alipoota matiti, nani alimwambia? Hedhi ya kwanza ilipokuja, alifikiri ameumia? Hatujui, na hatupaswi kubuni. Lakini swali likishatoka mdomoni mlango umefunguka, na mama anaweza kujibu kwa ajili ya binti yake mwenyewe: kwamba damu hiyo si ugonjwa wala adhabu, kwamba kwa wengi inaanza kati ya miaka 10 na 15, kwamba kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kukaushwa juani, si kufichwa chini ya godoro kikiwa na unyevu. Kwa wavulana vilevile: sauti inayokatika, ndoto za usiku, hasira isiyo na sababu. Baba, ukiona haya mwambie "Na mimi sauti yangu ilifanya hivyo." Maneno hayo yanatosha kwa siku ya kwanza.

Wavulana watatu wasio na jina

Lopez Lomong alitekwa na askari kanisani, kusini mwa Sudan, mwaka 1991. Alikuwa na miaka 6. Wavulana watatu wakubwa kumpita walimtoa usiku kupitia tundu la uzio, wakakimbia pamoja siku tatu mpaka mpaka wa Kenya. Alikaa kambi ya Kakuma karibu miaka kumi. Huko wavulana walikuwa na desturi ya kukimbia kuzunguka kambi kabla ya kucheza mpira, na hivyo mtoto yule akawa mkimbiaji bila kujua. Mwaka 2000 alilipa shilingi tano aangalie Olimpiki kwenye televisheni ya mtu mmoja, akamwona Michael Johnson akikimbia. Mwaka uliofuata alipelekwa Marekani, na Agosti 2008, Beijing, ndiye aliyebeba bendera ya Marekani.

Wakubwa wanapenda bendera. Watoto wa miaka 12 wanapenda wale watatu, na tunadhani watoto wana haki. Wale watatu hawajulikani, hakuna sanamu yao, na bila wao hakuna bendera. Katika jamaa zilizohama mtoto mkubwa anafanya kazi ya namna hiyo kila siku: anamshika mdogo mkono sokoni, anampunguzia bukari yake. Hakuna anayemshukuru. Baada ya habari hii mzazi amwite mkubwa wa watoto, amshukuru mbele ya wengine kwa kitu kimoja alichofanya, akitaje kwa jina. Halafu ampumzishe siku moja, akacheze. Kumsifu bila kumpumzisha ni kumdanganya.

Binti aliyekwenda mahakamani

Hii tunaisema kwa ufupi, lakini viongozi waisikie. Rebeca Gyumi wa Tanzania amesimulia kwamba tangu usichana aliona wenzake wa shule wakipotea, huyu kwa mimba, yule kwa ndoa. Alipokuwa mwanasheria alipeleka kesi kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa na miaka 14 au 15. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inasema kwamba kila mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inakataza kumwoza. Tunajua njaa. Tunajua mali ya ndoa inaweza kulipa nyumba ya kupanga miezi kadhaa. Lakini shefu anayekaa katika mazungumzo ya mali ya msichana wa miaka 14 ajue kwamba amekaa katika kosa la sheria.

Habari yenu wenyewe

Imebaki habari moja ngumu kuliko hizi zote, ni ile ya kukimbia kwenu. Katika umri huu mtoto anaanza kuuliza "Nani alitutoa kwetu?" Jibu la siku hiyo atalibeba mpaka uzee.

Mji wetu unajua jambo hili. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani, wakalala kwenye kituo cha treni hapa Likasi wakingoja safari, na wengi walikufa kwa magonjwa. Wengine walikuwa wamezaliwa hapa na hawakuijua Kasai hata kwa macho. Leo wajukuu wa waliofukuzwa na wajukuu wa waliobaki wanakaa darasa moja. Kila mtoto amesikia nyumbani habari yake, na habari hizo hazifanani.

Hatusemi mfiche. Mtoto anayefichwa atapewa habari na wengine, ikiwa na sumu. Semeni lililotokea, lakini msitumie neno "wote". Semeni "watu wale waliokuja na panga", msiseme kabila lao wote. Na kama njiani kuna mtu wa kabila lingine aliyewapa maji, aliyewaficha, aliyewavusha mto, mtajeni kila mara mnaposimulia, maana naye ni sehemu ya ukweli. Na katika kikundi, mtoto yeyote asilazimishwe kusimulia ya kwake mbele ya wenzake. Akitoka nje katikati ya habari, mtu mmoja anayemzoea amfuate polepole, akae karibu naye, asimwulize kitu. Mtoto asiyelala usiku kwa wiki nyingi, au aliyeacha kusema, apelekwe kituo cha afya.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi cha wazazi (watoto wasiwepo):

1. Nani alikueleza wewe mambo ya kukua? Mtu wa namna hiyo yuko wapi kwa mtoto wako leo? Kama hayuko, ni mama au baba gani wa jirani ambaye mtoto anamwamini?

2. Katika avenyu yenu, ni watoto wangapi wa miaka 9 mpaka 13 hawaendi shule? Wahesabuni kwa majina, msikadirie.

3. Unaposimulia kukimbia kwenu, unaanzia wapi na unaishia wapi? Nani hujamtaja bado?

Kikundi kikiwa na watu zaidi ya 15, kigawanyeni, na akina mama wakae peke yao kwa swali la kwanza.